Maneno ya Kuonya Mafuriko katika Bonde la Kyela

Kimbunga, katika matumizi ya watu wa pwani, ni neno la bahari. Unguja ilikijua mwaka 1872, Lindi mwaka 1952, na Hidaya ilifika Mafia mwezi Mei 2024. Kyela iko mbali na bahari, kwenye ncha ya kaskazini ya Ziwa Nyasa. Hata Freddy, iliyoua watu wengi kusini mwa Malawi mwaka 2023, ilikuwa upande wa pili wa ziwa hilo refu. Hofu ya Kyela ni maji ya mito.

Mito hiyo ni Songwe, Kiwira, Mbaka na Lufilyo. Mitatu ya mwisho hushuka kwa kasi kutoka nyanda za juu za Rungwe, kisha huingia ghafla katika tambarare ya mpunga, ambako haina tena mteremko wa kuyapeleka maji upesi ziwani. Kwa hiyo mkulima aweza kuona anga safi juu ya shamba lake huku mto ukijaa kwa mvua asiyoiona. Akiambiwa habari ya mvua kubwa mkoani Mbeya, atatazama juu, na macho yake yatamdanganya.

Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania hutumia ngazi tatu: angalizo, tahadhari, na tahadhari kubwa. La kwanza limetokana na kuangalia. La pili ni la asili ya Kiarabu, nalo hutumika kama jina na kama kitenzi. Waama hakuna kitu katika maana ya maneno hayo kinachomjulisha msikilizaji kwamba la pili ni zito kuliko la kwanza. Mtu huambiwa achukue tahadhari hata na utelezi wa sakafu. Sifa "kubwa" peke yake ndiyo ionyeshayo daraja. Neno "wastani", litumikalo kupima athari, lina hatari zaidi, kwani kwa wengi lina maana ya jambo la kawaida, la kuvumilika. Bora kuliko hayo yote ni maelezo ya athari zenyewe, kama vile makazi kuzungukwa na maji: hayo kila mtu huyaona moyoni.

Tena taarifa huandikwa kwa Kiswahili, lakini mazungumzo mengi ya kijijini ni Kinyakyusa. Mtendaji wa kijiji au mzee wa kanisa afasiripo papo hapo, ngazi tatu huweza kuwa neno moja tu. (Wataalamu wa istilahi hushughulika sana na vitabu vya shule, kazi hii yastahili kutangulia.) Jina la mto halihitaji kufasiriwa. Songwe, ambao ni mpaka na Malawi na una tabia ya kuhama mkondo wake, huitwa hivyo hivyo na Wanyakyusa na na Wangonde wa ng'ambo, ambao lugha zao zakaribiana sana. "Songwe unajaa, tokeni bondeni kabla ya usiku" ni onyo ambalo mtoto aweza kulipeleka nyumba ya pili bila kulipunguza.