Kundi la damu halitoshi kumkana mtoto

Baba ana kundi A, mama B, mtoto katoka O. Uwe Maua kule Meru au huku kwetu Pwani, karatasi kama hiyo ya hospitali yaweza kuvunja nyumba. Ndugu msomaji, usikimbilie talaka. Mtu wa A au B aweza kubeba O iliyojificha, aliyorithi kwa mzazi wake. Mume na mke wakimrithisha mtoto hiyo O, naye huwa O.

Wazazi wote wawili wakiwa O, kwa kawaida hawapati mtoto wa A, B wala AB. Basi damu yaweza kuonyesha fulani si baba. Kuthibitisha kuwa ndiye, haiwezi, kwani wenye kundi moja ni wengi mno. Mwenye shaka akapime DNA kabla ya kumtia mkewe aibu.