Masega usiyatupe: marhamu ya nta na alizeti

Kuanzia Juni hadi Agosti, upepo wa Singida huwa mkavu na wa baridi. Midomo hubabuka, mikono huparara, na visigino hupata magaga yanayofikia hata kutoa damu. Dawa ya wengi ni kopo la mafuta mgando kutoka dukani. Ajabu ni kwamba katika nyumba hiyohiyo pana dumu la alizeti nyuma ya mlango, na kando ya jiko pana masega yaliyokamuliwa asali yakisubiri kumwagwa jalalani.

Mkoa huu unajulikana kwa vitu hivyo viwili. Ukisafiri kwa barabara ya kutoka Dodoma utaona alizeti na asali zimepangwa pembezoni, madumu na chupa. Asali nyingi hutoka upande wa Manyoni na Itigi, kwenye vichaka vizito na mapori ya miombo. Nta ndiyo isiyopewa heshima, ingawa zamani hata meli ziliijua thamani yake. Enzi za Wajerumani ilikuwa miongoni mwa bidhaa zilizotoka bara kwenda ng'ambo, na Reli ya Kati iliyofika Tabora mwaka 1912 ilipita palepale Manyoni na Itigi.

Tuanze na nta yenyewe. Nyuki haiokoti kwenye maua. Nyuki kibarua mchanga huitoa mwilini mwake, kwenye tezi zilizo chini ya tumbo, ikiwa magamba membamba mithili ya maganda ya mtama. Hukadiriwa kuwa nyuki hula kilo 6 hadi 8 za asali ili kutengeneza kilo 1 ya nta. Anayemwaga masega anamwaga asali mara ya pili.

Nta haiyeyuki katika maji, haiozi, na huanza kuwa majimaji kwenye joto la nyuzi 62 hadi 64 za Selsiasi. Hilo ni joto la juu kuliko la mwili na kuliko la jua la Manyoni mchana wa Oktoba. Ndiyo maana ikichanganywa na mafuta huyashika yasitiririke, na ikipakwa hufanya utando mwembamba unaozuia unyevu wa ngozi usipeperuke. Kuchanganya nta na mafuta ni ufundi wa kale: Galen, tabibu wa Kiyunani wa karne ya 2, anatajwa kuwa baba wa marhamu ya namna hii. Yeye alitumia mafuta ya zeituni. Sisi tuna alizeti, na kwa ngozi naiona ni bora zaidi, kwa sababu alizeti ya kawaida ina kwa wingi asidi ya linoleiki, ambayo ngozi yenyewe huitumia kujenga ukuta wake wa nje.

Kusafisha nta ndiko kunakowashinda wengi, kwa hiyo hapa nitakaa kidogo. Chagua masega meupe au ya manjano. Yale meusi yaliyolelewa majana, yaani watoto wa nyuki, yamejaa maganda ya ndani na hutoa nta kidogo sana. Nta ya nyuki wadogo wasiouma nayo iache, kwa kuwa imechanganyika na utomvu wa miti na hunata. Osha masega kwa maji baridi asali iishe, yafunge ndani ya kitambaa cha pamba, weka kwenye sufuria yenye maji, kisha kandamiza fungu kwa jiwe safi lisielee. Tumia maji ya mvua ukiweza. Maji ya visima vyenye chumvichumvi, ambavyo Singida tunavyo vingi, huifanya nta iwe ya kijivu na yenye kumeguka. Sufuria isiwe ya chuma chenye kutu wala ya shaba, maana nta hubadilika rangi.

Pasha kwa moto mdogo bila kuacha maji yachemke kwa nguvu. Nta itapenya kitambaa na kuelea. Ipua, funika, usiguse hadi asubuhi. Utakuta sahani ya nta imeganda juu. Igeuze, kwangua uchafu ulioshika upande wa chini, na ikiwa bado ina takataka rudia kazi yote. Ianike kivulini ikauke kabisa.

Marhamu sasa ni kazi ya nusu saa. Pima gramu 20 za nta kwa gramu 100 za mafuta, yaani sehemu 1 kwa 5. Mwenye duka la jirani atakupimia kwenye mizani yake. Alizeti ya kukamuliwa mashineni iache itulie siku kadhaa, kisha uchote ile angavu ya juu tu, kwa kuwa mashapo yana unyevu na huharakisha mafuta kuchacha. Weka nta iliyokwanguliwa pamoja na mafuta ndani ya bakuli la bati, na bakuli hilo uliweke ndani ya sufuria yenye maji ya moto.

Usiiweke nta moja kwa moja juu ya moto. Ikizidi joto hutoa mvuke unaoshika moto, na ukiumwagia maji moto huo utaruka na kukuunguza uso. Maji ya sufuria ndiyo ulinzi wako, kwa kuwa hayawezi kupanda joto kupita kiwango chake cha kuchemka. Mji wa Singida uko mita zipatazo 1,500 juu ya usawa wa bahari, na hapa maji huchemka kwenye nyuzi 95 hivi badala ya 100. Ni joto linalotosha kuyeyusha nta, na liko mbali na hatari.

Vikishayeyuka, dondoshea tone kwenye sahani baridi, lisubiri ligande, kisha lipake mkononi. Likiwa gumu ongeza mafuta, likiwa laini mno ongeza nta. Kwa midomo napendelea sehemu 1 kwa 3. Mimina kwenye makopo yenye mifuniko, uyaache yapoe bila kufunikwa.

Makopo yawe makavu kabisa. Kundi langu la kwanza la marhamu liliota ukungu kwa sababu niliyafuta makopo kwa kitambaa chenye unyevu. Kwa sababu hiyohiyo usiongeze asali, ingawa wengi hutamani. Asali ina maji, haichanganyiki na mafuta, na hutuama chini ikabaki hapo. Weka kopo mbali na jua na uandike tarehe. Likianza kunuka kama karanga za zamani, alizeti imechacha, na hapo litupe. Jaribu kwanza kidogo ndani ya mkono na usubiri siku moja, kwani wapo wanaowashwa na gundi ya nyuki iliyobaki kwenye nta. Usipake kwenye jeraha bichi wala palipoungua.

Nta itakayobaki ina kazi nyingine. Mafundi viatu hupitisha uzi juu yake ili uteleze na usiingize maji. Kipande cha kanga ya pamba, ukikinyunyizia nta iliyokwanguliwa, ukaweka karatasi juu na kupitisha pasi, huwa kifuniko kizuri cha chapati au kitunguu kilichokatwa, jambo lenye maana tangu mifuko ya plastiki ilipopigwa marufuku Juni 1, 2019. Kioshe kwa maji baridi, na usikifungie nyama mbichi.

Ninayoeleza hapa ni ya matumizi ya nyumbani. Ukitaka kuuza, fahamu kwamba tangu 2019 vipodozi viko chini ya Shirika la Viwango Tanzania, TBS, na unahitaji kibali chake. Anzia ofisi ya SIDO, shirika la kuhudumia viwanda vidogo, mkoani uulize hatua. Na kama humfahamu mfugaji wa nyuki, nenda kwa muuza asali wa sokoni, umwombe akuwekee masega ya mavuno yajayo.