Kubana Katuni ya Kompyuta: Namna ya Kuchagua Programu

Katuni inayotengenezwa kwa kompyuta huanza ikiwa rundo la picha tuli. Programu ya uundaji, kama vile Blender inayopatikana bure, hukokotoa mwanga, kivuli na rangi ya kila picha moja moja, na kazi hiyo ndiyo mafundi huiita kurenda. Picha moja ni fremu. Fremu zilizopangwa kwa namba ni msururu. Programu ya kubana video huuchukua msururu huo na kuugeuza kuwa faili moja la kurushwa kwenye televisheni, kupandishwa mtandaoni au kutumwa kwa simu.

Tuseme kinatengenezwa kipande cha dakika moja kinachouonyesha mji wa Gede ulivyokuwa ukikaliwa: nyumba za mawe ya matumbawe, msikiti mkuu, visima na vichochoro. Mji huo ulio kusini mwa Malindi ulihamwa na watu wake katika karne ya 17, na mwaka 2024 UNESCO iliuingiza katika orodha ya urithi wa dunia. Televisheni ya Kenya hufuata kasi ya fremu 25 kwa sekunde, hivyo dakika moja ni fremu 1,500. Kompyuta ikichukua dakika sita kwa kila fremu, kazi nzima ni saa 150, yaani siku sita na zaidi mashine ikiwa haijazimwa.

Katika siku sita hizo, stima ya Pwani ni nadra isipotee hata mara moja. Blender inaweza kuandika MP4 moja kwa moja inaporenda, lakini faharasa ya faili la MP4 kwa kawaida huandikwa mwishoni. Stima ikikatika katikati, faili hilo mara nyingi halifunguki tena, na saa zote zilizotangulia zimekwenda na maji. Msururu wa PNG hauna hatari hiyo: fremu 730 zilizokamilika zinabaki salama kwenye diski, na kazi inaendelea kuanzia ya 731. Kwa hiyo kurenda na kubana ni kazi mbili, na hazifai kufanywa kwa pigo moja. PNG inafaa kwa sababu hubana bila kupoteza chochote. JPEG haifai, kwa kuwa hula sehemu ya picha kabla hata video haijaanza kubanwa.

Haja ya kubana inaonekana kwenye hesabu. Fremu ya upana wa nukta 1,920 na urefu wa 1,080, kila nukta ikichukua baiti tatu, ina megabaiti 6.2. Kwa fremu 25, sekunde moja ni megabaiti 155, na dakika ni gigabaiti 9.3. Mbano wa aina ya H.264, uliotoka mwaka 2003, unaweza kuishusha dakika hiyo hadi megabaiti 60 hivi huku jicho likiridhika. Siri yake ni kwamba fremu zinazofuatana hufanana mno. Jahazi likikatiza Kilifi Creek huku ng'ambo ikiwa imetulia, mbano huihifadhi fremu moja nzima, kisha kwa zinazofuata hurekodi tu kwamba vipande vya jahazi vimesogea kiasi gani na upande gani.

Hapo ndipo mandhari ya Pwani yanapouweka mbano kwenye mtihani. Ukuta mweupe usiosogea hauna gharama. Bahari inayometameta ni gharama tupu, maana kila kiwimbi kinabadilika kila fremu na hakuna cha kunakili kutoka fremu iliyopita. Paa la makuti kamera ikizunguka, majani ya msitu unaoyazingira magofu ya Gede, na vinyweleo vya jiwe la matumbawe, vyote huomba data nyingi. Vikinyimwa, hugeuka uji wa miraba. Anga la alfajiri nalo lina ugonjwa wake: rangi hupanda polepole kutoka chungwa hadi buluu, na video ya kawaida ya biti 8 ina viwango 256 tu kwa kila rangi, hivyo badala ya mteremko laini huonekana mistari kama ngazi. Dawa ni kuongeza chembechembe hafifu za kelele wakati wa kurenda, kisha kuchagua mbano wa upole usiozifuta. Na leso yenye nakshi nyembamba nyekundu juu ya nyeusi hufifia kingo, kwa sababu video nyingi huhifadhi rangi kwa robo tu ya nukta na kuacha mwangaza peke yake ukiwa kamili.

Programu inayofaa kazi hii ni ile inayosoma msururu wa picha bila hila, inayompa fundi usukani wa ubora, na inayotoa faili linalofunguka kule linakopelekwa. FFmpeg, programu huria iliyoanzishwa na Fabrice Bellard mwaka 2000, inayatimiza yote matatu. Haina vitufe; huendeshwa kwa kuandika amri. Kwa kipande cha Gede, amri ni hii:

ffmpeg -framerate 25 -i gede_%04d.png -c:v libx264 -crf 18 -preset slow -pix_fmt yuv420p gede.mp4

Sehemu ya kwanza inataja kasi, na %04d inasema majina ya fremu yana namba za tarakimu nne. Namba moja ikikosekana, tuseme 0731, video inakatika hapo bila kelele nyingi, ikiwa na sekunde 29 tu. Kipimo cha crf huenda kutoka 0 hadi 51. Kadiri kinavyopanda ndivyo picha inavyochakaa. Kisipotajwa ni 23, na 18 ni kiwango ambacho macho mengi hayatofautishi na picha ya asili. Neno slow huiambia programu ifanye kazi taratibu ili faili liwe dogo zaidi kwa ubora uleule. Sehemu ya yuv420p ndiyo inayosahauliwa zaidi: ikiachwa, faili hucheza vizuri kwenye kompyuta ya fundi lakini simu na televisheni nyingi hulikataa, na kosa hilo hugunduliwa mbele ya mteja. Kuna pia nyongeza iitwayo tune animation, ambayo hufaa katuni za rangi bapa. Kwa kuta za matumbawe ni afadhali kuiacha, maana hulainisha kingo ambazo zimechukua siku sita kurendwa.

Anayeogopa amri anaweza kuuingiza msururu tena ndani ya Blender, kwenye sehemu yake ya kuhariri video, na kutoa MP4 kutoka hapo. Ndani yake ni FFmpeg ileile inayofanya kazi. Shutter Encoder nayo huivika FFmpeg vitufe. HandBrake, iliyoanza mwaka 2003, ni nyepesi na inapendwa, ila imejengwa kubana video iliyokwisha kuwa video, si msururu wa picha; nafasi yake ni hatua ya pili, ya kutoa nakala ndogo. VirtualDub ya Avery Lee, iliyovuma miaka ya 2000, ni ya Windows na inasoma misururu vizuri, lakini aina ya faili inayoitoa kwa asili ni AVI, si MP4. DaVinci Resolve ina toleo la bure lenye uwezo mkubwa wa kusahihisha rangi, ila huhitaji kadi ya picha yenye nguvu. Adobe Media Encoder hulipiwa, na haifai kununuliwa kwa ajili ya kubana peke yake.

Mbano hutegemea safari ya faili. YouTube hubana upya kila inachopokea, kwa hiyo hupelekewa faili nono. Kwa picha ya nukta 1,920 kwa 1,080 yenyewe hupendekeza megabiti 8 kwa sekunde, na kuzidisha hakudhuru isipokuwa bando. WhatsApp pia hubana upya video, na ikitumwa kama hati hufika ilivyo. Mfululizo unaouzwa kwa vituo, kama Tinga Tinga Tales uliotengenezwa Nairobi na kuanza kuonyeshwa na BBC mwaka 2010, hufuata masharti ya mnunuzi, na mara nyingi anachotaka ni mbano wa ProRes, ambao toleo lake la HQ hula karibu gigabaiti 1.4 kwa dakika. Televisheni ya hotelini inayosoma flashi huhitaji H.264 ya kawaida, na flashi ya FAT32 haipokei faili la gigabaiti 4 au zaidi. H.265 ya mwaka 2013 na AV1 ya mwaka 2018 hutoa mafaili madogo zaidi, lakini vifaa vya zamani havizifungui, na AV1 huitesa kompyuta dhaifu kwa saa nyingi.

Faili likishatoka hutazamwa lote, kwenye skrini kubwa na kwenye simu ya bei nafuu, hasa sehemu za bahari na anga. Rangi hulinganishwa na fremu za PNG, kwa kuwa FFmpeg isipoelekezwa kutumia kanuni ya bt709 huweza kugeuza rangi kwa ile ya zamani ya bt601, na kijani cha mikoko kikasogea. Msururu wenyewe haufutwi. Nafasi ikiwa haba, hubanwa kwa FFV1, mbano usiopoteza hata nukta moja, kisha FFmpeg huamriwa itoe alama za framemd5 za msururu na za faili jipya, zote zikisomwa kwa mpangilio mmoja wa rangi. Alama zote 1,500 zikilingana, na nakala mbili zikiwa kwenye diski mbili zilizofichwa mbali na hewa ya chumvi, PNG zinaweza kuondolewa.