Sheki ya mushahara ikirudi bila makuta

Saa moja ya asubuhi, mbele ya banki moja ya Kolwezi, mulolongo umekwisha kuwa murefu. Ni watu wa mine, wengine wangali na kofia ya kazi mukononi. Jana magaribi patron wao, sous-traitant mumoja anayefanya kazi ndani ya kampuni kubwa, aliwagawia sheki za mushahara. Leo kila mutu amekimbia, juu wote wanajua siri: sheki ni 60, lakini makuta ku konti inatosha pengine watu 20. Wa kwanza njo watakula. Wale wa posti ya usiku, wanaoshuka ku bisi saa mbili, wataambiwa ku dirisha: « Papa, konti haina kitu. »

Mimi pia nilisimama ndani ya mulolongo wa namna hii. Nilikuwa wa 9, nikapata. Rafiki yangu, tuliyekula naye bukari ku sahani moja, alikuwa posti ya usiku, hakupata. Mwezi muzima hatukutazamana. Patron hakusumbuliwa na mutu: tuligombana siye kwa siye, nani alijua mbele, nani alificha. Ile mbio ya banki inamusaidia yeye.

Sasa sheki yako imekataliwa. Usitoke ku dirisha mikono mitupu. Omba banki iandike sababu ku karatasi, « provision insuffisante » ao « sans provision », pamoja na tarehe na muhuri. Piga sheki picha na telefone, mbele na nyuma. Kisha uiweke vizuri, juu patron atakuita na sauti ya upole: « Leta ile sheki, juma ijayo nitakupa ingine. » Usiirudishe mbele makuta haiyafika mukononi mwako. Nimeona watu walioirudisha kwa heshima, na kesho yake wakaulizwa: « Sheki gani? »

Kutoa sheki bila makuta ni kosa ambalo parke inaweza kumuita mutu juu yake. Lakini sishauri kuanzia kule. Patron akifungwa, konti inabaki tupu vilevile. Njia ya mushahara ni ingine.

Code du travail ya tarehe 16 mwezi wa 10, 2002, inasema mushahara ulipwe kila mwezi, na usipitishe siku 6 kisha mwezi kuisha. Sheki isiyokuwa na makuta si malipo, hata kama ulitia sahihi ku bulletin de paie. Na hapa muangalie: wengi wanalazimishwa kutia sahihi mbele ya kupewa sheki. Kando ya sahihi yako andika namba ya sheki na neno « haiyalipwa ». Kama hukuandika, usikate tamaa: sheria inasema kupokea bulletin bila kulalamika si kuacha haki yako. Na wewe ambaye hawakukupa kontra ya maandishi, bado uko mufanyakazi. Badge, majina ku karatasi ya posti, mashahidi, vyote vinasaidia.

Kisha muite delege wa sendika, mufanye orodha moja. Ninasisitiza: orodha moja, ya wale waliokosa na wale waliopata. Aliyepata anatia sahihi kama shahidi. Kule kwetu hiki njo kitu kilikosekana. Andikeni barua moja kwa patron, akatie muhuri ku nakala yenu, na nakala ingine ipelekwe kwa kampuni kubwa yenye mine. Kampuni kubwa haipendi kusikia jina lake ku Inspection du travail, na mara nyingi njo yenye inashikilia fakture ya yule patron.

Akinyamaza, muende ku Inspection. Mutu hawezi kupeleka neno lake ku Tribunal du travail kama halijapita kwanza kwa inspekta. Inspekta anaita pande mbili. Mukipatana, anaandika. Musipopatana, anaandika procès-verbal de non-conciliation, na karatasi ile njo mulango wa tribinali. Musiondoke bila yenyewe.

Wakati wote huu saa inatembea. Kudai mushahara ku tribinali kuna mwisho: mwaka 1 tangu siku ulipaswa kulipwa. Patron anayejua sheria atakulipa kidogo kidogo, leo franga ya bunga, kesho ya transport, mpaka mwaka upite. Wazee wa Gécamines wanajua namna miezi bila mushahara inavyorundikana. Kunako 2003 zaidi ya 10.000 kati yao waliondoka na ile « départs volontaires », na mabishano juu ya hesabu yao yaliendelea miaka mingi.

Na grevi? Ni haki, lakini inakuja kisha inspekta kujaribu kuwapatanisha bila kufaulu. Mukiacha kazi kwa hasira siku ya kwanza, patron ataandika « abandon de poste », na deni lake linageuka kosa lenu.

Ku nyumba, bamama, munajua mbele yetu. Boutique imefunga kitabu cha deni, minerval inangojewa, na jirani anashauri Banque Lambert. Tafazali, musikubali. Unakopa 100, unarudisha 150 mwisho wa mwezi, na mwisho wa mwezi njo ile ile sheki. Afazali mufanye likelemba kati ya wake wa wafanyakazi wa kampuni moja. Na baba akileta ile karatasi ya banki, usiifungie bitumbula ndani. Ikae pamoja na carte de baptême na kontra.

Siku ya kwenda ku Inspection, mutume watu watatu: delege, mumoja aliyepata, mumoja aliyekosa. Beba sheki, nakala ya barua, bulletin, na orodha. Yule aliyepata aanze kusema.