MAMA MJAMZITO, CHAGUA PUNJE KABLA YA KUWASHA MOTO

Katika nyumba nyingi za wakimbizi hapa Burundi, iwe Buyenzi na Kinama mjini Bujumbura, iwe katika kambi za Gasorwe, Musasa, Bwagiriza, Kavumu na Nyankanda, chakula cha kila siku ni nafaka. Asubuhi ni uji, jioni ni bukari na maharage, na siku ya neema ni wali. Mama mwenye mimba hula chungu kimoja na wenzake, tena mara nyingi yeye hujipakulia wa mwisho.

Nafaka ni chakula kizuri. Inampa mama nguvu za kubeba mimba na kufanya kazi zake. Hakuna anayemwambia aache kula mahindi, mtama, ulezi au mchele. Ila kila mama na kila baba wa nyumba ajue jambo moja: nafaka iliyoota ukungu inaweza kuwa na sumu ambayo moto wa jikoni hauiondoi. Usalama wa bukari unaanza kwenye gunia na ungo, kabla ya sufuria kupanda jikoni.

SUMU HII NI NINI?

Ukungu unaoota juu ya mahindi, karanga na mtama uliohifadhiwa ukiwa na unyevu hutoa sumu iitwayo aflatoksini. Siku hizi wataalamu huita sumu za namna hii sumukuvu. Haina ladha wala harufu yake yenyewe. Ukipika bukari kwa saa nzima, ukungu utakufa lakini sumu kubwa itabaki. Kukaanga au kupika pombe pia hakuisafishi.

Burundi mahindi ya msimu wa kwanza huvunwa Januari na Februari, wakati mvua bado zinaendelea. Ni vigumu kuyakausha vizuri. Yakitiwa katika gunia yakiwa mabichi, na gunia likawekwa chini kwenye udongo katika joto la Bujumbura, ukungu huenea haraka.

Nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki, Burundi ikiwemo, zimekubaliana kwamba kilo moja ya mahindi isizidi mikrogramu 10 za aflatoksini zote kwa jumla. Kiasi hicho ni kidogo mno, jicho haliwezi kukiona. Ndiyo maana tunatazama dalili za ukungu na kuzuia unyevu.

KWA NINI TUNAMTAJA MWENYE MIMBA?

Sumu hii huumiza ini la mama, na tena hupita kwenye kondo la nyuma hadi kwa mtoto. Watafiti waliowafuatilia wajawazito na watoto wao nchini Gambia walieleza mwaka 2007 kwamba watoto waliopata aflatoksini nyingi wakiwa tumboni walikua polepole zaidi katika mwaka wao wa kwanza. Mama anaweza kujiona mzima kabisa, kumbe kiasi kidogo cha kila siku kinamfikia mtoto.

Kiasi kikubwa huua hata mtu mzima. Mwaka 2004 huko mashariki mwa Kenya, hasa Makueni na Kitui, watu 317 waliugua baada ya kula mahindi yaliyooza kwa ukungu, na 125 kati yao walifariki. Mwaka 2016 sumu hiyo hiyo ilizuka Tanzania ya kati, Dodoma na Manyara. Wengi wa watu hao walikula mahindi ya nyumbani kwao, yaliyokuwa katika ghala zao wenyewe.

FANYA HIVI NYUMBANI

1. Mwaga nafaka kwenye ungo mahali penye mwanga. Ondoa punje zenye rangi ya kijani, kijivu au nyeusi, zilizosinyaa, zilizovunjika na zilizotobolewa na wadudu. Punje chache mbaya ndizo hubeba sehemu kubwa ya sumu.

2. Usiwape kuku wala mbuzi punje hizo, na usizipikie pombe. Sumu inaweza kukurudia katika mayai na maziwa. Zifukie shimoni.

3. Mahindi yakikutia shaka baada ya kuchagua, yakoboe na kuyaosha kabla ya kusaga. Ni kweli kwamba unga usiokobolewa una vitamini zaidi, lakini sumu nyingi hukaa kwenye ganda na kiini.

4. Ukiweza, nunua punje uzione, kisha upeleke mashine. Unga uliokwisha kusagwa na kuwekwa wazi sokoni huwezi kujua ulitokana na nafaka gani.

5. Anika juu ya turubai au mkeka, si juu ya udongo. Weka gunia juu ya mbao au mawe, mbali na ukuta, na mahali pasipovuja.

6. Pima ukavu kwa chumvi. Chukua chupa ya kioo iliyo kavu, tia vijiko 3 vya chumvi kavu, kisha mahindi hadi robo ya chupa. Funga, tikisa kwa dakika moja, acha itulie dakika 15. Chumvi ikiganda kwenye kioo, mahindi bado yana maji. Rudisha juani.

NA MGAO UKIWA NA UKUNGU?

Tunajua kwamba ni rahisi kusema "tupa" kwa mtu ambaye gunia lake limejaa. Mwaka 2025 mgao wa chakula kwa wakimbizi wa Burundi ulipunguzwa hadi nusu, na katika nyumba yenye watoto sita kila kopo lina hesabu yake. Kwa hiyo fungua gunia siku ile ile ya ugawaji, kabla ya kuondoka. Ukiona ukungu, mabonge au harufu ya uvundo, mwonyeshe mgawaji na kamati ya chakula hapo hapo. Kurudisha chakula kibovu si utovu wa shukrani, bali ni haki yako. Kama mmegundua nyumbani, chagueni punje moja moja. Mwenye mimba na watoto wadogo wapewe zile safi kabisa.

MBEGU YENYE RANGI SI CHAKULA

Mbegu za kupanda mara nyingi hupakwa dawa na kutiwa rangi nyekundu, zambarau au kijani ili watu wasile. Mwisho wa mwaka 1971 na mwanzo wa 1972 nchini Iraki, wakulima walisaga ngano ya mbegu iliyotiwa dawa ya zebaki wakaoka mikate. Wengine waliosha rangi ikatoka, lakini sumu ilibaki. Zaidi ya watu 6,500 walilazwa hospitali na 459 walifia humo. Wapo akina mama waliougua kidogo tu, lakini wakazaa watoto walioharibika ubongo. Hata njaa ikiuma, mbegu ya rangi isiingie chunguni.

CHAKULA KILICHOLALA

Wali na uji vikikaa kwenye joto huota vijidudu, na vingine huacha sumu isiyoondoka ukipasha moto. Pika kinachotosha. Kilichopikwa kisikae zaidi ya saa 2 bila kuliwa. Unga wa mahindi na soya unaotolewa kwa wajawazito katika mpango wa lishe uchemshwe dakika 5 hadi 10 kwa maji safi, nao uliwe ungali moto. Unga huo ni wa mama. Ukigawanywa kwa nyumba nzima, haumfai tena.

NAFAKA PEKE YAKE HAITOSHI

Bukari hujaza tumbo lakini haina damu ya kutosha kwa watu wawili. Mama aongeze maharage, ndagala, lengalenga au sombe iliyotwangwa na kupikwa vizuri. Maharage na nafaka vilivyolowekwa usiku hutoa madini yake kwa urahisi zaidi. Embe, chungwa, nyanya au limau kwenye mlo husaidia mwili kupokea madini ya chuma. Chai na kahawa huyazuia, hivyo zinywe saa moja au mbili baada ya kula. Vidonge vya chuma na asidi ya foliki vinavyotolewa kliniki vimezwe kila siku. Usingoje tumbo lionekane: anza kliniki kabla ya wiki 12.

MASWALI YANAYOULIZWA MARA KWA MARA

Bibi anasema impeke ya mtama huongeza damu. Je, ninywe kidogo?
Hapana. Tunawaheshimu bibi zetu, lakini pombe hupita hadi kwa mtoto, na hakuna kiasi kinachojulikana kuwa salama. Mtama huo huo ukipikwa uji unakufaa zaidi.

Nikila sana, mtoto atakuwa mkubwa nishindwe kuzaa?
Usijinyime chakula kwa hofu hiyo. Mama asiyekula vya kutosha hupungukiwa nguvu na damu, na mtoto anaweza kuzaliwa na uzito mdogo. Ongeza mlo mdogo mmoja kila siku.

WAHI KITUO CHA AFYA

Ukiona macho ya njano, mkojo mweusi kama chai, kutapika kusikokoma, maumivu ya tumbo, au uso na mikono kuvimba, usijitibu kwa mitishamba. Njano inaweza kutokana na sumu ya nafaka, au na homa ya ini inayoenea kwa maji machafu, ambayo ni hatari sana kwa mwenye mimba. Nenda siku hiyo hiyo, na ukiweza chukua kidogo cha nafaka mliyokula.

Baba, kaka na mama mkwe, kazi ya ungo si ya mwenye mimba peke yake. Ninyi mnaobeba gunia kutoka sokoni au kwenye ugawaji, lifungueni na kulitazama kwanza.