Kwa nini wakala wa AI anaweza kumrudishia mteja senti 10 badala ya dola 10

Mwambie wakala wa AI, ile programu inayofanya kazi kwa niaba yako, amrudishie mteja dola 10. Haoni mfumo wa malipo ulivyotengenezwa kwa ndani. Anasoma jina la zana aliyopewa, maelezo yake mafupi na nafasi za kujaza. Basi.

Sasa, kwenye Stripe kiasi cha dola hujazwa kwa senti: dola 10 ni 1000. Yeni ya Japani haina senti, hivyo yeni 1000 hubaki 1000. Maelezo yakisema tu "kiasi cha kurudisha", wakala anaweza kujaza 10, na mfumo usilalamike, maana 10 nayo ni namba halali.

Maelezo mazuri yangesomeka hivi: "Rudisha pesa za malipo yaliyokwishapokelewa. Dola zijazwe kwa senti. Dola 10 ni 1000. Yeni usizidishe. Usitumie kufuta oda ambayo haijalipiwa."

Hiyo sentensi ya mwisho ndiyo wengi husahau. Zana mbili zikifanana, wakala hubahatisha. Mtengeneza programu amezoea kumwandikia mwenzake, ambaye akikwama atapiga simu kuuliza. Wakala mara nyingi haulizi, anabonyeza.