Kuhifadhi Mipangilio ya Prosesa Kompyuta Inapolala na Kuamka: Mazingatio kwa Ofisi za Mpakani Busia na Tororo

Ikisiri

Makala haya yanaeleza jinsi mfumo endeshi unavyohifadhi na kurejesha mipangilio ya prosesa pale kompyuta inapolazwa na kuamshwa. Kasoro mbili zilizorekebishwa katika kiini cha Linux, mwaka 2019 na mwaka 2022, zinatumika kuonyesha kwamba mpangilio hupotea pale ambapo hakuna aliyekabidhiwa wajibu wa kuurejesha. Muktadha wa matumizi ni ofisi za mpakani Busia na Malaba. Hoja inayojengwa ni kwamba kompyuta ikaguliwe baada ya kuamka, si baada ya kuwashwa pekee.

Utangulizi

Mji wa Busia umekatwa na mpaka: upande mmoja ni makao makuu ya Kaunti ya Busia nchini Kenya, na upande wa pili ni Wilaya ya Busia nchini Uganda. Kaskazini yake, barabara na reli zitokazo Mombasa huvuka mpaka Malaba na kuingia Wilaya ya Tororo. Februari 2018 marais Uhuru Kenyatta na Yoweri Museveni walizindua rasmi Kituo cha Pamoja cha Mpakani Busia, kinachoendeshwa chini ya Sheria ya Vituo vya Pamoja vya Mpakani ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2016. Kwa utaratibu huo, lori lielekealo Uganda halisimami mara mbili. Taratibu za kutoka Kenya na za kuingia Uganda hukamilishwa mahali pamoja, katika nchi linakoingia.

Kazi hiyo hutegemea kompyuta kwa kiasi kikubwa. Nyaraka za forodha hutumwa kwa mtandao kabla lori halijafika, na wakala wa forodha huzifuatilia kwenye kompyuta yake ya mkononi. Kompyuta ya mezani huzimwa jioni na kuwashwa asubuhi. Ya wakala haizimwi. Hufunikwa anapokwenda uani kuonana na dereva, hufunuliwa anaporudi. Hufunikwa umeme unapokatika ili betri isiishe, hufunuliwa unaporudi. Katika juma zima huenda ikawashwa mara moja tu, lakini ikaamshwa makumi ya mara. Hata hivyo, miongozo mingi ya usalama na ya matumizi ya nishati huandikwa kana kwamba kompyuta ina hali mbili tu, kuwaka na kuzimika.

Kulala si kuzimika, wala si kuwaka

Kiwango cha ACPI, kilichotolewa kwa mara ya kwanza mwaka 1996 na kampuni za Intel, Microsoft na Toshiba, kinabainisha hali kadhaa za kulala. Inayotuhusu hapa ni ile iitwayo S3. Katika S3, kumbukumbu ya RAM huendelea kulishwa umeme, hivyo maandishi na programu zilizokuwa wazi hubaki mahali pake. Prosesa hailishwi. Kila kilichokuwa ndani ya rejista zake hufutika.

Rejista hizo si mahali pa kufanyia hesabu tu. Kadhaa kati yake hushikilia mipangilio: jinsi ya kugawa kumbukumbu, kiasi cha kubana matumizi ya umeme, kinga za usalama zilizowashwa au kuzimwa. Hata masahihisho ya msimbo wa ndani wa prosesa, ambayo mtengenezaji huyatoa anapogundua kasoro, hukaa ndani ya prosesa kwa muda tu, na lazima yapakiwe upya kila inapoamka.

Mtumiaji anapofunua kompyuta, prosesa huanza kama iliyozaliwa upya. Kwanza hutekeleza programu dhibiti iliyomo katika bodi. Programu hiyo huandaa maunzi, kisha huruka hadi kwenye anwani ambayo mfumo endeshi uliiacha kabla ya kulala. Kuanzia hapo mfumo endeshi ndio wenye zamu. Hurudisha rejista ambazo ulizinakili katika RAM, kisha huviita vitengo vingine vya uchakataji kimoja baada ya kingine. Katika Linux vitengo hivyo vilikuwa vimeondolewa kazini kabla ya kulala, na hurudi kwa njia inayokaribia sana ile ya kuwashwa upya. Kitengo cha kwanza pekee ndicho hupitia njia ya kurejeshwa. Tofauti hiyo ya njia mbili ndiyo iliyozaa kasoro ya pili tutakayoieleza.

Ninatumia mfano wa Linux kwa sababu msimbo wake unasomeka na historia ya masahihisho yake iko wazi. Mifumo mingine ina jukumu hilohilo, ila mtafiti hawezi kufungua na kuona inavyolitimiza.

Sifuri mbili

Prosesa za Intel zina rejista ambayo ndani yake mpo biti nne za kuelekeza uwiano kati ya kasi na matumizi ya umeme. Thamani yake ni kati ya 0 na 15: sifuri humaanisha kasi kwanza, 15 humaanisha kubana umeme, na 6 ndiyo hali ya kawaida. Programu dhibiti nyingi huiacha ikiwa sifuri. Waandishi wa kiini cha Linux walichukulia kwamba sifuri hiyo haikuchaguliwa na mtu bali imeachwa tu, wakaagiza kiini kiigeuze kuwa 6 kinapoikuta.

Dhana hiyo ina mantiki kompyuta inapowashwa. Inapoamka, huleta matatizo mawili. Kwanza, msimamizi aliyechagua sifuri kwa makusudi, kwa kuwa anahitaji kasi, aliikuta imekuwa 6 baada ya kufunua kompyuta. Pili, fundi aliyeweka 15 ili betri ivumilie saa za giza aliikuta nayo imekuwa 6 pale ambapo programu dhibiti iliifuta na kuandika sifuri, na kiini kikaitafsiri sifuri hiyo kwa kanuni ileile. Hakuna ujumbe wowote ulioonyeshwa kwa mtumiaji. Athari yake kwa betri, tuseme ukweli, si kubwa; rejista hiyo hutoa mwelekeo, haitoi amri. Lakini fundi asiyejua kilichotokea hulaumu betri, na betri mpya hununuliwa kwa fedha.

Marekebisho yalifika katika toleo la 5.2 la mwaka 2019. Sasa kiini hunakili thamani ya kila kitengo kabla ya kulala na kuirudisha baada ya kuamka. Ndani yake mna jambo dogo linalostahili kutazamwa. Ikiwa nafasi ya kuhifadhia ina sifuri, je, ni kwa sababu mtu alichagua sifuri, au kwa sababu hakuna kilichohifadhiwa bado? Waandishi waliongeza biti moja ya ziada juu ya zile nne, ikiwa alama kwamba thamani hii imehifadhiwa kweli. Kwa biti hiyo, sifuri iliyochaguliwa ikatengana na sifuri iliyoachwa. Kanuni ya kugeuza sifuri kuwa 6 imebaki, lakini hutumika tu pale ambapo hakuna kumbukumbu ya awali.

Mlango mkuu

Kasoro ya pili ni nzito zaidi. Januari 2018 dunia ilitangaziwa udhaifu wa Spectre na Meltdown, unaotokana na tabia ya prosesa kubashiri amri zijazo na kuzitekeleza kabla ya kuhakikisha kwamba zinahitajika. Sehemu ya kinga ilikuja kwa njia ya rejista mpya zinazodhibiti ubashiri huo. Kiini huziandika kompyuta inapowashwa.

Aprili 2022 Linux ilipokea kiraka kilichorekebisha jambo ambalo halikuwa limezingatiwa: rejista hizo, zikiwamo SPEC_CTRL na TSX_CTRL, hazikuwa zikirejeshwa kwenye kitengo cha kwanza cha uchakataji baada ya usingizi wa S3. Vitengo vingine vyote vilikuwa salama, kwa kuwa hurudi kwa njia inayofanana na ya kuwashwa na hupangwa upya humo. Cha kwanza kilirejeshewa vile tu vilivyokuwa kwenye orodha ya kurejeshwa, na rejista hizi hazikuwamo. Kwa hiyo kompyuta iliyolala mara moja tu tangu kuwashwa ingeweza kuendelea na kazi huku kitengo chake cha kwanza kikiwa hakina sehemu ya kinga zake.

Mkaguzi naye asingeligundua hilo kwa urahisi. Linux ina faili zinazoorodhesha kila udhaifu na kueleza kama umezibwa. Faili hizo hueleza uamuzi ambao kiini ulifanya ulipowashwa. Hazisomi rejista upya. Zingeendelea kusema kwamba kinga ipo.

Wajibu mpakani

Kasoro zote mbili zina asili moja. Programu dhibiti ilirejesha yake, kiini kikarejesha yale kilichojua kuwa ni yake, na yaliyobaki katikati yakakosa mwenyewe. Wasomaji wanaofahamu kituo cha pamoja watalitambua tatizo hili haraka. Kabla maofisa wa nchi mbili hawajaketi katika jengo moja, ilibidi sheria iseme ni nani anakagua nini, na katika eneo gani mamlaka ya ofisa wa jirani yanatambuliwa.

Kuna mambo ambayo kiini hakitayarejesha hata leo, kwa kuwa hakiyajui: yale ambayo fundi ameyaandika moja kwa moja kwenye rejista kwa zana zake mwenyewe. Haya yanahitaji programu ndogo inayotekelezwa kila kompyuta inapoamka, na mifumo mingi ya Linux ina saraka maalumu ya kuiweka. Fundi aiandike siku ileile anayobadilisha mpangilio, si baada ya malalamiko.

Kompyuta mpya zaidi hutumia usingizi mwepesi ambao hauikatii prosesa umeme kabisa, na kwazo tatizo hili ni dogo. Lakini kompyuta za mtumba, ambazo ndizo ofisi ndogo nyingi za Busia, Malaba na Tororo humudu, ni za kizazi cha S3, na mara nyingi hufika na mfumo endeshi ambao haujasasishwa kwa miaka.

Kwa washauri wa sera, pendekezo ni la kubadilisha kifungu kimoja katika masharti ya ununuzi na ukaguzi. Pale yanaposema kwamba mipangilio ya usalama itathibitishwa baada ya kompyuta kuwashwa, yaongezwe maneno "na baada ya kuamshwa kutoka usingizini". Utaratibu wenyewe ni huu: soma rejista husika kwa kila kitengo cha uchakataji na uandike thamani zake, funika kompyuta kwa dakika mbili, ifunue, usome tena, ulinganishe. Kitengo cha kwanza kisomwe peke yake, kwa kuwa wastani wa vitengo vyote ungekificha. Kompyuta inayotoa thamani tofauti isasishwe kiini na programu dhibiti, kisha ipimwe tena. Na hadi itakapofaulu, izimwe kabisa badala ya kulazwa.